Siku Nilipoisingizia Maiki

Mpendwa baba,

Shikamoo. Jumamosi iliyopita tulikuwa na kazi Mikumi, kwenye ule ukumbi wa karibu na maegesho ya malori, ule uliokuwa unaulaumu kwamba hauna hata pazia moja la kumeza mwangwi. Nilianza kufunga vyombo saa tatu asubuhi. Nilipomaliza kuunganisha nyaya nikakaa kwenye kiti cha plastiki, palepale tulipokuwa tunaweka meza yako, nikakumbuka kwamba kuna jambo sijawahi kukueleza lote kwa mpangilio. Ulilijua kwa vipande, tena siku ulipolijua hukutaka maelezo. Leo nakueleza.

Nianze na siku tuliyokwenda Morogoro, maana hiyo naipenda kuliko zote.

Wakati ule bendi yetu ilikuwa na watu wanne tu. Tausi aliimba, Joachim alipiga gitaa, na ndugu wawili wa Kilangali walipiga besi na dramu. Wewe, fundi redio uliyeanza kwa kutengeneza redio za wakata mkonge wenzake babu, ulikaa kwenye miksa, ule mtambo wa vitufe vya kurekebishia sauti. Mimi nilikuwa mbeba nyaya wako nikishafunga kibanda changu cha cherehani pale Magomeni ya Kilosa. Spika tulikodi kwa bwana mmoja wa Mikumi. Zilikuwa kubwa kama makabati ya nguo, na zilikoroma. Watu walicheza, lakini hakuna aliyejua Tausi anaimba nini. Baada ya harusi moja ya Kidete, bibi harusi alimwuliza Tausi kama ule wimbo ulikuwa wa Kiswahili. Ulicheka ndani ya treni karibu njia nzima, kisha tulipokaribia Kilosa ukaacha kucheka.

"Tununue vya kwetu," ukasema.

Joachim alitaka makabati yaleyale, ila mapya. Alisema bendi inaheshimiwa kwa ukubwa wa spika, watu wakiona vitu vidogo jukwaani wanakudharau kabla hujagusa uzi. Wewe hukubishana naye. Ulimwuliza maswali tu. Ukumbi mkubwa kuliko yote tunaopiga unajaa watu wangapi? Gari linalotubeba lina nafasi gani? Nani atayanyanyua makabati hayo mpaka juu ya stendi? Na yakikaa chini, sauti itapita wapi watu wakishasimama mbele yake?

"Spika iliyowekwa chini," ulisema, "inawaimbia magoti."

Dukani Morogoro muuzaji alituwekea muziki uliotikisa vioo vya kabati lake.

"Mzee wangu, isikie hiyo besi! Hii ukiiwasha Mikumi, tembo watakuja kucheza."

"Zima," ulisema.

"Hujaipenda?"

"Dukani kila spika inapendeza. Nipe maiki."

Ulimpa Tausi maiki, ukamwambia asiimbe. Ukatoa mfukoni karatasi uliyoiandika nyumbani: sisi, shamba, fisi, asali, sufuria, shangazi, sita. Kisha ukatoka nje, ukavuka barabara, ukasimama kando ya muuza miwa ukiwa umetupa mgongo, bodaboda zikipita katikati. Tausi alisoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja vitu vya kununua sokoni. Kila neno lililokufikia zima ulinyoosha kidole juu. Lililofika limevunjika ulikunja ngumi. Tulijaribu spika za aina nne namna hiyo. Muuzaji mwanzoni alikuwa anatucheka, lakini kwenye aina ya tatu alivuka barabara na yeye, akasimama karibu yako.

"Kumbe," akasema aliporudi. "Hizi ndogo ndizo zinazosema vizuri."

Ndani ya gari ulinieleza kwamba herufi nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, s na sh na f. Besi hata mlevi anaisikia. Lakini s ikipotea, sita inakuwa ita, na msikilizaji anabaki kubahatisha. Tulirudi na spika mbili za wastani zenye ampu, kile kikuza sauti, humohumo ndani, stendi mbili imara, miksa ya njia nane, maiki tatu, na spika mbili ndogo za kulaza mbele ya Tausi ili ajisikie mwenyewe anapoimba. Joachim alinuna mpaka tukaipita Dumila.

Alikuja kuacha kununa siku tulipozifunga kwa mara ya kwanza, kwenye sherehe ya kipaimara hapo Kilosa. Ulinifundisha hatua kwa hatua, na mpaka leo sijabadilisha hata moja. Ulisimama katikati ya ukumbi mtupu ukapiga kofi moja, ukasikiliza linarudi vipi. Spika ukaziweka mbele ya mwimbaji, kamwe si nyuma yake, kwa sababu maiki ikisikia spika yake yenyewe inapiga mluzi. Waya wa umeme ukaupitisha ukuta huu, waya wa sauti ukuta ule, na pale zilipolazimika kukutana ukazikatisha kama njia panda zisilale pamoja. Jenereta nyuma ya jengo, upande ambao upepo hauleti moshi wala ngurumo. Sauti zote sifuri kabla ya kuwasha. Spika ziwashwe mwisho, zizimwe kwanza.

Tausi alipoimba salamu na kutaja majina ya wazazi, mzee mmoja mfugaji aliyealikwa, aliyekaa mwisho kabisa karibu na mlango, alimgeukia baba wa mtoto akamnyanyulia fimbo yake kumpongeza. Ulinigusa bega. "Umeona? Jina limefika mlangoni." Sijawahi kukuona na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu, na usinibishie.

Miaka kama mitano mambo yakaenda vizuri. Tulijulikana Kilosa, Kimamba, Mikumi, hata vijiji vya kando ya reli. Watu waliotuita walikuwa wanasema, tuleteeni ile bendi inayosikika maneno.

Sijui ilianza lini hasa. Nadhani hata wewe hukujua. Ulianza kupandisha redio ya sebuleni mpaka mama anahamia uani na ungo wake wa mchele. Nikikuita kutoka nyuma, huitiki. Mwanzoni nilidhani una mawazo. Halafu kwenye mazoezi ukaanza kumgombeza Tausi.

"Unakula maneno."

"Mimi, baba?"

"Wewe. Tamka. Zamani ulikuwa unatamka."

Tausi alisema sawa baba, akarudia, akarudia tena. Nawe kila aliporudia ulizungusha kile kitufe cha sauti za juu, kidogo, halafu kidogo tena, unatafuta zile herufi zako. Sauti ya Tausi, laini vile unavyoijua, ikawa inatoka kama msumeno kwenye bati. Joachim alinitazama. Mimi nikainama kuzitazama nyaya. Ndugu wa Kilangali walisogea nyuma kimyakimya. Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa wetu, tena wewe ndiye uliyekuwa masikio ya bendi. Tungeanzia wapi kukwambia?

Sasa nafika Mikumi.

Ilikuwa sherehe ya kumuaga binti wa muuza mbao mmoja, saa kumi alasiri. Tausi alimwomba mama wa binti asimame, akaanza kumwimbia. Yule mama akatoa kitambaa, machozi yakamtoka. Hapo ndipo mluzi ulipoanza. Haukuwa ule mfupi unaokatika wenyewe. Ulianza mwembamba, ukapanda, ukakaa. Watoto wachanga walilia. Yule mama aliziba masikio kwa mikono miwili, kitambaa bado kiko kwenye vidole. Tausi alirudi nyuma hatua mbili, tatu, haikusaidia.

Nilikugeukia nikitegemea utakuwa unahangaika na vitufe. Ulikuwa umekaa umetulia, baba. Ulikuwa unamtazama Tausi na kutikisa kichwa taratibu kwa mapigo ya wimbo. Ukumbi mzima ulikuwa umeziba masikio, na wewe ulikuwa unaburudika.

Nikanyoosha mkono nikashusha mwenyewe. Ukanigeukia. "Vipi?"

Kabla sijajibu, bibi mmoja wa upande wa wenye shughuli alikuwa ameshafika mezani. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema, akaniinamia sikioni. "Mwanangu, huyu mzee wenu hasikii. Mtoeni hapo, anatuumiza."

Ulimwona midomo inavyocheza, lakini maneno hukuyapata. Alipoondoka ukaniuliza, "Bibi anasemaje?"

Nikasema, "Anasema maiki ni mbovu, baba."

Ndilo jambo lenyewe. Maneno matano. Bibi wa watu hakuitaja maiki kabisa.

Uliniamini palepale. Kesho yake uliifungua ile maiki kwenye meza ya chakula, ukaipima kwa mita yako, ukaifunga, ukaifungua tena. Siku tatu. Nilikuletea chai nikakukuta umeinama na miwani yako puani, unatafuta ugonjwa kwenye kitu kizima, na bado sikusema. Siku ya nne ukaagiza nyingine. Ilipofika, mimi nikawa nimeshapata ujanja wangu. Ukiinama kunywa maji, nashusha zile sauti za juu. Ukigeuka kumsalimia mtu, nashusha. Ukirudi unapandisha, nangoja. Nilifanya hivyo kila kazi, miezi sita. Wageni wakaacha kulalamika, nikajiona nimeokoa bendi na heshima yako kwa pamoja.

Lakini mazoezini sikuwa na njia ya kujificha, na mazoezini ndiko Tausi alikoumia. Uliendelea kumwambia anakula maneno. Siku moja alikuja kibandani kwangu na gauni la kupunguza. Akakaa bila kulitoa kwenye mfuko.

"Dada Vero," akasema, "mimi nafikiri niache. Labda sauti yangu imekwisha. Baba hawezi kunionea bure."

Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ukweli pale pale. Tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Vumilia, atatulia." Kwa hilo, baba, najilaumu kuliko hata ile maiki. Wewe nilikudanganya kwa woga wa ghafla. Yeye nilimwacha aendelee kuamini kwamba amepoteza kitu alichokuwa nacho kizima.

Wiki iliyofuata Tausi hakuja mazoezini. Alituma ujumbe kwamba anaumwa. Joachim ndiye aliyekuwa anajaribu maiki siku hiyo, na mimi, kwa mazoea, nikaupeleka mkono wangu kwenye kitufe. Ulinishika kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Nimegusa bahati mbaya."

Hukuniachia. Ulitazama kitufe, ukanitazama mimi, ukamtazama Joachim ambaye alikuwa ametazama chini. Ukasema, "Leteni karatasi." Ile ya zamani ukaikataa kwa sababu ulikuwa unaijua kwa moyo. "Joachim aandike mengine, nisiyoyajua."

Ukaenda mwisho wa ua, ukageukia ukuta wa bafu, na kalamu mkononi. Joachim akasoma maneno kumi kwenye maiki. Uliandika unachosikia. Kisha ukaja ukaziweka karatasi mbili sambamba juu ya miksa, tukasoma wote. Ng'ombe ulipata. Bamba ulipata. Kwa shoka uliandika oka. Kwa sisimizi uliandika imizi. Kwa fasihi uliacha nafasi wazi.

"Tangu lini?" ukauliza.

"Tangu Mikumi."

"Yule bibi alisema nini?"

Nikakwambia alichosema.

Nilidhani utanipigia kelele. Ulikaa juu ya boksi la spika. Ulipoongea hukujitaja wewe kabisa. "Miezi sita," ulisema. "Miezi sita umeniacha nimtukane mtoto wa watu."

Ulivaa koti lako la kanisani ukaenda kwa miguu mpaka kwao Tausi. Mengine alinisimulia mwenyewe. Alisema hukukubali kiti. Ulisimama sebuleni mbele ya mama yake na wadogo zake, ukasema, "Tausi, hukuwa unakula maneno. Mimi ndiye nilikuwa siyapati. Nisamehe." Mama yake akasema mzee yamekwisha, karibu chai. Ukasema chai utakunywa Tausi akishakujibu mwenyewe. Tausi alikuwa analia, hawezi kujibu, na wewe ukawa umesimama tu unangoja, kwa sababu hukujua kama amejibu hukusikia au hajajibu. Mwisho akakushika mkono akakukalisha.

Daktari alisema ni umri, na miaka mingi ya kukaa karibu na spika na majenereta. Ulipewa kifaa cha kuvaa sikioni. Ulikivaa siku mbili ukakivua ukamwambia mama, "Hiki nacho kinapiga mluzi." Mama alicheka, mimi sikuthubutu. Kwangu ulikuwa unaongea yale ya lazima tu. Chakula kipo, umeme umekatika, mgeni wako amekuja. Wiki tano hivi. Miksa ukaniachia bila kusema umeniachia. Siku ya kazi hukutokea tu.

Halafu tukapiga kwenye mahafali hapo Kilosa, nikakuona umeingia, umekaa safu ya nyuma. Sikujua umekuja kufanya nini. Ulikaa mpaka mwisho. Tulipokuwa tunakunja nyaya ukaja mezani ukasema, kwa sauti kubwa kama watu wasiojisikia wanavyosema, "Ulikuwa unanitazama mimi."

"Ndiyo, baba."

"Usinitazame mimi. Watazame watu. Anayeinamisha kichwa mbele hapati neno. Anayesogeza kiti nyuma umemzidishia. Wawili wakiongea bila kukunja uso, hapo umepatia."

Kisha ukaniuliza lile swali. "Uliniogopa?"

"Hapana. Nilikuonea huruma."

"Huruma yako ilimpiga Tausi."

Nilikubali. Baada ya hapo ukashika upande wa pili wa waya ukaanza kuukunja, duara kubwa, duara kubwa, bila kuupinda, kama ulivyonifundisha. Kazi iliyofuata tulikwenda pamoja. Mimi nilikaa mezani, wewe ukazunguka ukumbini ukiwatazama watu, na ukanionyesha kwa mkono: panda, shuka, mwache hivyohivyo. Tulifanya kazi hivyo mpaka masika yale kifua kilipokubana ukalazwa, na hukurudi.

Mama hajambo. Miguu inamsumbua lakini bado anachambua mchele uani, redio ikiwa chini. Tausi ana watoto wawili na bado anaimba. Ndugu wa Kilangali mmoja amehamia Dodoma, tumepata mwingine. Spika zako zipo na zinafanya kazi. Miksa ilikufa, ikanibidi nichague nyingine peke yangu. Joachim alitaka yenye vitufe vingi. Nilichagua ndogo inayoongozwa kwa simu bila waya, kwa sababu moja tu: naweza kuinuka mezani. Jumamosi pale Mikumi nilirekebisha sauti nikiwa nimekaa safu ya mwisho, halafu karibu na jikoni wanakopakua, halafu katikati ya akina mama. Ungeipenda. Ungeilalamikia kwanza, halafu ungeninyang'anya.

Nimekukumbuka kwa namna nisiyoitegemea. Huzuni ya msibani ilipungua kama inavyopungua kwa kila mtu. Inayobaki ni ile ya kazini, pale ninapokuwa sina uhakika, nikageuka kutaka kuuliza, na aliyepo ni mwenye ukumbi anauliza tutaanza saa ngapi.

Mwaka huu nilikwenda kupimwa masikio. Daktari anasema sikio la kushoto limeanza kupungua kidogo. Sikumficha mtu. Niliwakusanya wote mazoezini nikawaambia: siku mtakayoona nimekosea, niambieni siku hiyohiyo, mbele ya yeyote, wala msitafute kitu cha kusingizia. Tausi alinitazama akasema sawa, dada. Alielewa zaidi ya wengine.

Juzi Jumanne tulikuwa tunajaribu wimbo mpya. Katikati ya wimbo Joachim akaacha kupiga. Akashusha gitaa.

"Dada Vero, juu umezidisha. Inachoma."

Nilikasirika, baba. Sikutegemea kama nitakasirika, lakini nilikasirika mpaka masikio yenyewe yakapata moto. Nilitaka kumwambia ni waya wake.

Kisha nikashusha, tukaanza upya.

Pumzika salama, baba. Mama anakusalimu.

Mimi binti yako wa kwanza,
Vero